Kinanda Kilichokwenda Kapoeta

Hotuba ya mgeni wa siku, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya pili, katika ibada ya shukrani ya jubilei ya miaka 25 ya kwaya

 



Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, tunakupa dakika 20. Utuzungumzie utumishi wa kijana katika nchi ya kigeni, uwatie moyo vijana." Nikamjibu sawa. Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, "Na utuambie kile kinanda kinaendeleaje." Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi. Kinanda kile kina habari yake, na habari hiyo sijawahi kuisema ndani ya kanisa hili. Leo nitaisema. Naomba Mchungaji anivumilie nikizidisha dakika.

Wengi wenu mnakumbuka Januari ya mwaka 2015. Nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina wito. Mlinichangia. Jumapili saba mfululizo akina mama wa kwaya waliuza viazi karai, mahamri na mabuyu pale langoni, na sauti ya nne wakaosha magari ya washirika, ingawa nasikia gari la mzee mmoja lilirudi nyumbani chafu kuliko lilivyokuja. Fedha hizo ndizo zilizonilipia mafunzo Nairobi, chanjo ya homa ya manjano, chandarua, viatu na nauli. Mliniwekea mikono hapa mbele, mkaniimbia, nikalia, mama yangu akalia zaidi.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilikuwa sijawahi kupita Nakuru. Basi fikirini safari ile: Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, Kitale hadi Lodwar kwa barabara ambayo siku hizo ilikuwa mashimo yenye lami kidogo pembeni, halafu Kakuma, Lokichoggio, mpaka wa Nadapal, ndipo unaingia Sudan Kusini. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mimi nilipofika ilikuwa haijatimiza miaka minne, na tayari ilikuwa na vita vya ndani vilivyoanza Juba Desemba 2013. Kapoeta iko mashariki, mbali na Juba, na wakati huo kulikuwa na utulivu. Watu wa pale ni Watoposa, wafugaji, ndugu wa karibu wa Waturkana wetu. Lugha zao zinasikilizana. Laiti ningalikuwa Mturkana! Nilikuwa na Kigiriama changu, Kiswahili, Kiingereza cha shule na kitabu cha nyimbo chenye noti.

Nilipewa mkalimani, kijana wa rika langu aliyekulia kambi ya Kakuma. Alisoma shule hapo, akarudi kwao na Kiswahili kizuri sana, cha mitaani na cha darasani. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Nikimsifu leo ninamsifu kidogo kuliko anavyostahili.

Mnajua tunavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mtungi siku ya kwanza. Asubuhi niliamshwa na mama mmoja aliyeishi jirani na kanisa, akanipa mtungi wa lita 20 bila neno, nikamfuata kisimani. Tulipanga foleni ya pampu saa mbili. Niliona nimepotezewa wakati, kwa sababu nilikuja kufundisha. Nilikuwa na ratiba niliyoichapa Nairobi: Jumatatu sauti ya kwanza, Jumanne sauti ya pili, na kuendelea. Vijana mnaotaka kwenda, nawaambieni mapema, ratiba ile acheni nyumbani. Foleni ya maji ndiyo iliyonifundisha Kitoposa kidogo nilichokipata, kwa sababu pale hapakuwa na mkalimani, na wanawake hawakuwa na haraka nami. Walinicheka hadi nikatamka sawasawa.

Mahubiri yangu ya kwanza yalikuwa juu ya kondoo aliyepotea. Nilijiambia, hawa ni wafugaji, hili watalielewa kuliko sisi. Nikaeleza kwa moyo jinsi mchungaji alivyoacha kondoo tisini na tisa nyikani, akaenda kumtafuta mmoja. Nilipomaliza mzee mmoja aliinua fimbo yake akauliza swali. Mkalimani alisita kulitafsiri. Nikamhimiza. Mzee aliuliza, "Na wale tisini na tisa alimwachia nani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu sisi tunaonunua nyama buchani, swali hilo halijawahi kutujia. Kapoeta mtu akiacha mifugo nyikani bila mlinzi, wezi wa mifugo watakuwa wamefika kabla ya jua kuchwa, na huenda watoto wanaochunga wakauawa. Mzee hakuwa akifanya mzaha. Alitaka kujua kama Mungu huyu anajua kazi. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri hadi leo, na kila nikisikia sura hiyo ikisomwa humu kanisani naiona fimbo yake hewani.

Kuhusu kufundisha kuimba, nitapita haraka kwa sababu aibu yake ni ndogo. Miezi minne nilipambana na do re mi na sauti nne. Watu walikuja kwa adabu, wakaimba wote sauti moja, wakaenda zao. Jioni wale wale vijana, mikono juu wakiigiza pembe, walikuwa wakimwimbia fahali: kila kijana ana ng'ombe wake anayempenda na wimbo wa ng'ombe huyo. Mmoja anaita, wengine wanavuma chini, chini kabisa, mpaka unasikia kifuani. Mimi nikiwa ndani ya nyumba ninaandaa somo la kesho la sauti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mnakumbuka barua zangu. Mtandao ukipatikana nilikuwa nawatumia, na katibu akazisoma Jumamosi baada ya mazoezi. Barua ya Agosti 2015 ndiyo iliyosomwa hata Jumapili, mbele ya kanisa zima. Niliandika kwamba watu 200 wamempokea Yesu kwa siku moja chini ya mti. Nasikia mlipiga vigelegele, mkasimama. Mzee mmoja, sasa ni marehemu, alitoa kondoo aliyekuwa amemtunzia mwanawe kwa ajili ya arusi.

Ndugu zangu, siku ile watu 200 walikuwapo kweli. Walikuwapo kwa sababu shirika moja la msaada lilikuwa linagawa mtama katika uwanja huo huo, na gari lilichelewa. Viongozi wa kanisa wakaniomba nizungumze nao wakati wanangoja. Nikahubiri. Mwisho nikasema, anayetaka kumpokea Yesu ainue mkono. Mikono yote ikainuka. Nilitetemeka, nilidhani ninaona Pentekoste. Jioni mkalimani akaniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa nguo nyuma mbele, "Mwalimu, asubuhi karani wa mtama alisema anayetaka kuandikwa ainue mkono."

Nilijua jioni hiyo. Barua niliiandika kesho yake.

Sikuandika uongo mtupu. Niliandika mikono 200 iliinuka. Niliacha mtama. Nilijiambia kwamba mkijua ukweli mtakata tamaa, na viazi karai vile vyote vitakuwa vimekaangwa bure. Mambo kama hayo huwa yana sababu nzuri mtu anapoyafanya.

Mngejua wakati huo kanisa letu lilikuwa na watu wangapi! Wakati wa mvua walifika 50 au 60. Kiangazi, vijana na wanaume huhama na ng'ombe kufuata malisho, na hapo Jumapili tulikuwa 14, nimewahesabu: wanawake, wazee wawili, watoto, mkalimani na mimi. Nilikuwa sijawahi kusoma popote kwamba kanisa laweza kuhama na ng'ombe kisha likarudi na mvua. Nilidhani ni mimi niliyeshindwa.

Barua yangu ndiyo iliyozaa kinanda. Mlisema watu 200 hawawezi kumsifu Mungu bila ala. Mkachanga tena. Kibodi, stendi, betri na paneli ya sola, vyote vikasafirishwa kutoka Mombasa hadi Lokichoggio kwa lori, na mimi nikavipokea Kapoeta Machi 2016, katikati ya kiangazi. Nilikifungua mbele ya wale watu 14. Watoto waliogopa kwanza, kisha hawakutoka tena. Yule mzee wa tisini na tisa alisikiliza wimbo mzima, kidevu juu ya fimbo, akasema, "Sauti yake nzuri. Lakini hakipumui." Vumbi lilipoingia baadhi ya vibao vilianza kukwama. Hata hivyo nilipiga picha siku ile ya kwanza, na picha hiyo ndiyo iliyo kwenye ubao wa matangazo pale nyuma. Mkiitazama vizuri mtaona wote waliomo kwenye picha ni kumi na wanne. Mimi niliwaambia wengine wako nje.

Miezi ile maisha yalikuwa magumu kwao kuliko nilivyoweza kueleza. Desemba 2015 serikali iliiacha pauni ishuke yenyewe: dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa karibu pauni 3 kwa bei ya serikali ikafika pauni 18 na zaidi, kwa siku moja, na ikaendelea. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake ulikuwa ukitosha mwezi alikuwa sasa ananunua sukari na chumvi, basi. Malaria ilinilaza mara mbili. Mara ya pili yule mama wa mtungi alinikalia kitandani usiku kucha, akivuma ule wimbo wa chini. Hakuniombea kwa sauti. Alivuma tu. Mimi niliyetumwa kuwafundisha kuimba nilipona nikisikiliza.

Baada ya hapo nilifunga kitabu cha noti. Nikamwambia mkalimani awaambie akina mama wanifundishe wao.

Julai 2016 vita vilirudi Juba, na barabara za upande wetu zikaanza kuwa hatari. Agizo lilikuja kwamba wageni wote watoke. Nilipewa saa mbili. Nilifunga begi moja. Yule mama aliniletea kibuyu cha maziwa ya safarini, akaniuliza, nami nilielewa bila mkalimani, "Unarudi lini?" Nikamjibu kwa lugha yake, "Karibuni." Hilo ni neno nililojifunza kwenye foleni ya maji. Nilipanda gari. Wao hawakuwa na gari la kupanda. Sijarudi hadi leo.

Watu hunipongeza kwa miezi 18 ile. Nawashukuru. Lakini mmisionari ana paspoti mfukoni. Usiku wa hofu yeye anajua kuna mlango, na wenyeji wanajua kwamba anajua. Hilo sikufundishwa Nairobi, na sidhani linafundishika.

Nilirudi hapa nikakaa kiti cha nyuma karibu mwaka mzima. Mlidhani ni uchovu. Mwaka 2017 vijana walikwenda ziara Rabai wakanilazimisha niende nao. Tumezoea kwenda Rabai kama watu wanaokwenda kuona mawe ya zamani. Siku hiyo nilikwenda kama mwenye kesi.

Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846, akiwa na miaka 26. Mjerumani, mtoto wa wakulima. Alimkuta Krapf, aliyefika Mombasa miaka miwili kabla, ambaye kwa miezi michache tu alikuwa ameshamzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga kule bara ng'ambo ya kisiwa. Mtu wa kwanza Krapf kumbatiza alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, aliyekuwa karibu na kufa. Mmoja, naye anakufa. Rebmann alikaa hapo miaka 29. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa ameshapofuka, akashikwa mkono na mwana wa Rabai, Isaac Nyondo, aliyemsindikiza hadi Ulaya. Na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Waliomtuma walinung'unika, wakisema kazi haina matunda. Alichofanya miaka hiyo sehemu kubwa ni kusikiliza maneno. Alikaa na mtu mmoja aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, jina lake Salimini, aliyekuwa ameletwa pwani kama mtumwa, akaandika neno kwa neno lugha ya kwao hadi ikawa kamusi. Ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa ameshakufa.

Lakini kilichonishika ni jambo jingine. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake wa safari alikuwa Mswahili wa Mombasa, Bwana Kheri. Akaulizwa ni nini kile cheupe. Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno gani la theluji? Wakasema tu "baridi". Rebmann akaandika alichokiona: ni theluji, karibu na ikweta. Mabingwa wa jiografia London, ambao hawakuwahi kufika, wakamcheka. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla wengine hawajapanda na kuthibitisha.

Nilisimama pale Rabai, vijana wanapiga picha, nikafikiri: huyu aliandika kweli, akaitwa mwongo. Mimi niliandika uongo, nikapigiwa vigelegele, na kondoo wa arusi akatolewa.

Nilitaka kuwaambia mwaka huo huo. Sikuweza, kwa sababu wiki chache kabla nilikuwa nimepata ujumbe kutoka kwa mkalimani. Mwaka huo njaa ilikuwa kali sana Sudan Kusini, na Kapoeta haikusazwa. Ujumbe wake ulikuwa wa Kiswahili, mfupi. Aliandika, "Mwalimu, tumekula kinanda. Ahsante kwa kwaya."

Nikampigia. Akaeleza kwamba wazee wa kanisa walikaa, wakashauriana siku mbili, wakakiuza pamoja na betri na sola kwa mwenye hoteli mjini, Mkenya mwenzetu, kwa magunia ya mahindi. Mahindi yakagawanywa kwa nyumba zote za karibu na kanisa, waliobatizwa na wasiobatizwa. Yule mama wa mtungi alipata fungu lake. Mzee wa tisini na tisa alifariki kabla magunia hayajafika. Na kinanda nasikia kinapigwa hotelini Jumamosi usiku. Nyimbo zipi, sikuuliza.

Kila mliponiuliza miaka hii yote, "Kinanda kipo?" nilijibu, "Kipo." Sikudanganya, kipo. Sikusema kipo wapi.

Basi mwenyekiti, hiyo ndiyo taarifa ya kinanda. Mweka hazina anaweza kuiandika kitabuni. Kwa familia ya yule mzee aliyetoa kondoo nimeshakwenda nyumbani wiki iliyopita, nikamweleza mwanawe kabla ya kusimama hapa, kwa sababu si vizuri mtu asikie habari ya baba yake kwenye kipaza sauti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza mahindi yalikuwa magunia mangapi. Nikamwambia tisa. Akasema, "Kondoo mmoja hawezi kununua magunia tisa." Akaniwekea chai.

Vijana wa kwaya, kuna wawili hapa ambao nimeambiwa wanaomba kwenda, mmoja Chad na mmoja Msumbiji. Siwazuii. Nimekuja na mtungi wa lita 20 kwa kila mmoja, iko pale kwa mlinzi. Ombi langu ni kwa ninyi mnaobaki. Barua yao ikisomwa Jumamosi, msiulize kwanza ni wangapi. Waulizeni wamekula nini, wamejifunza neno gani wiki hii, nani amewacheka. Wakiandika kwamba Jumapili walikuwa kumi na wanne, pigeni vigelegele kama mlivyonipigia mimi. Mkifanya hivyo hawatahitaji kuacha mtama nje ya barua.

Sasa kwenye ratiba yenu, baada ya hotuba hii, pameandikwa "Wimbo maalum" bila jina. Mwalimu wetu aliniruhusu mwezi mzima kuja mazoezini Jumanne, na waimbaji wamenivumilia. Ni wimbo wa wale akina mama wa Kapoeta, wanaouimba mvua ikianza na vijana wakirudi na ng'ombe. Mkalimani wetu alinitumia sauti zao kwa simu ili nisikosee, na amesema wao wanajua kwamba leo unaimbwa Mombasa. Hauna noti na hauna kinanda. Anayeita ni mmoja, wengine mnavuma. Washirika mnaweza kuvuma nasi, ni rahisi, midomo ifungwe.

Mwalimu, tuko tayari. Sauti ya nne waanze, chini kabisa, chini zaidi ya mazoezini.